Bonge la damu lilitolewa, mbona mgonjwa anaanguka?

Msomaji wangu, leo naanza kwa kukiri kosa. Ami yangu ana pengo kwenye meno ya mbele, na pengo hilo nimelisababisha mimi kwa kijiko cha chai.

Ilikuwa baada ya swala ya isha, nyumbani kwake Mji wa Kale, Mombasa. Ami, mtu wa miaka 68, alikuwa ameketi akisubiri chakula. Miezi mitano nyuma alikwenda Dubai kumtembelea bintiye, na huko akapatwa na kiharusi. Uso ulipinda, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakakataa kutoka. Kwa bahati njema alifikishwa hospitali mapema. Madaktari walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kichwani, wakalivuta bonge la damu lililokuwa limeziba mshipa. Alirudi Mombasa akitembea kwa mkongojo, akiongea polepole lakini anaeleweka. Sote tukasema alhamdulillahi, yamekwisha.

Usiku ule mkono wake wa kulia ulianza kutikisika wenyewe. Ukafuata uso, kisha mwili mzima. Macho yaligeuka, povu likamtoka. Tulikuwa watu saba chumbani na kila mmoja na rai yake. Shangazi alipiga kelele kwamba kiharusi kimerudi. Jirani akasema hilo ni jini alilotoka nalo ng'ambo. Mimi, niliyejiona msomi kwa kuwa nina diploma yangu, nikakumbuka niliyosikia utotoni, kwamba mtu akianguka hutiwa kijiko mdomoni asije akameza ulimi. Nikakitia kwa nguvu. Jino likavunjika, damu ikamjaa mdomoni.

Hakikuwa kiharusi cha pili, wala hakikuwa jini. Kilikuwa kifafa kinachotokana na kiharusi cha kwanza. Katika nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyejua kwamba jambo hilo laweza kutokea. Tangu siku hiyo nimesoma na nimewauliza madaktari na wauguzi, na haya ninayoyaandika ndiyo ningependa kuwa niliyajua usiku ule.

Bonge la damu huvutwaje?

Kiharusi kiko namna mbili. Kuna cha kupasuka mshipa, damu ikamwagika ndani ya kichwa, na kuna cha kuziba mshipa, ambacho ndicho kingi zaidi. Katika hiki cha pili bonge la damu hukwama, na sehemu ya ubongo iliyo mbele yake hukosa damu na hewa. Mshipa mkubwa ukiziba, imekadiriwa kwamba seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Ndiyo maana madaktari husema muda ni ubongo.

Tiba ya kwanza ni sindano ya kuyeyusha bonge, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kwa mabonge makubwa sindano mara nyingi haitoshi. Hapo ndipo inapokuja tiba ya kulivuta, ambayo kitaalamu huitwa trombektomi. Daktari huingiza mrija kupitia mshipa wa paja au wa mkono, akaufikisha kwenye bonge akiongozwa na picha za eksrei, kisha akalinasa kwa kijiwavu cha waya au akalifyonza.

Mwaka 2015 majaribio makubwa matano, likiwemo la Uholanzi liitwalo MR CLEAN, yalionyesha kwamba tiba hii inafaa. Matokeo yake yalipojumlishwa mwaka 2016, wagonjwa 46 kati ya 100 waliovutwa bonge waliweza kujitegemea baada ya miezi mitatu. Kwa wale waliopata tiba ya kawaida peke yake walikuwa kama 26. Mwaka 2018 majaribio mengine mawili, DAWN na DEFUSE 3, yalionyesha kwamba wagonjwa wanaochaguliwa kwa picha maalumu wanaweza kufaidika hata hadi saa 24 tangu dalili zianze. Hapa kwetu Kenya huduma hii bado inapatikana katika hospitali chache, na kwa mtu wa Lamu au Kwale safari yenyewe ni mtihani. Lakini kila mwaka ndugu zetu hutibiwa Ghuba, India na Nairobi, kisha hurudi nyumbani. Anayerudi hupokewa na familia, na familia ndiyo itakayoona yatakayofuata.

Kifafa hutoka wapi?

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo unaopita baina ya seli kwa mpangilio. Kifafa ni pale kundi la seli linapowaka kwa pamoja bila mpango. Kiharusi huweza kuleta hali hiyo kwa njia mbili, na ni muhimu tuzitenganishe.

Njia ya kwanza ni ya siku 7 za mwanzo. Seli zilizokosa damu zinajeruhiwa, chumvi na kemikali zake zinavurugika, na zilizo jirani zinachokozwa. Mtu akitikisika wakati huu, madaktari huita kifafa cha mapema. Ni sawa na moto unaorusha cheche wakati bado unawaka, na mara nyingi hali ikitulia nazo hutulia.

Njia ya pili huja baada ya wiki hiyo ya kwanza, pengine baada ya miezi au hata miaka. Jeraha la ubongo limepona kwa kufanya kovu, na seli zilizo pembeni ya kovu zimejiunga upya kwa njia isiyo sawa. Sasa hakuna tena dharura ya kulaumiwa, kovu lenyewe ndilo chanzo. Hiki huitwa kifafa cha baadaye, na ndicho kilichompata ami.

Tofauti hii hubadilisha tiba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Rochester, Minnesota, Marekani, ulionyesha kwamba aliyepata kifafa kimoja cha baadaye baada ya kiharusi ana uwezekano wa kiasi cha 7 kati ya 10 wa kupata kingine ndani ya miaka 10. Aliyepata cha mapema tu uwezekano wake ulikuwa kama theluthi moja. Ndiyo sababu tangu mwaka 2014 wataalamu wa kimataifa wanakubali kumwita mtu mgonjwa wa kifafa hata akianguka mara moja tu, iwapo hatari ya kurudia ni kubwa kiasi hicho.

Je, ni kule kuvutwa bonge?

Hili ndilo swali alilouliza binamu yangu kwa hasira, akishuku kwamba madaktari wa ng'ambo walimharibu babake. Ni swali la haki. Mtu akiingiziwa waya kichwani, kisha baada ya miezi mitano akaanguka, akili ya kawaida huunganisha mawili hayo.

Tafiti zilizokusanywa pamoja zinaonyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 waliovutwa bonge, takriban 6 hupata kifafa. Kwa waliopewa sindano ya kuyeyusha hesabu ni karibu hiyo hiyo. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa vituo kadhaa uliowalinganisha waliopata tiba hizi na wagonjwa wenye kiharusi cha ukali uleule ambao hawakuzipata. Matokeo yake ni kwamba tiba yenyewe haikuongeza hatari ya kifafa, si cha mapema wala cha baadaye.

Mbona basi tunawaona wengi wakianguka miongoni mwa waliovutwa bonge? Kwa sababu tiba hiyo hawapewi wenye kiharusi chepesi. Hupewa wale ambao mshipa mkubwa umeziba, na hao tangu mwanzo ndio wenye jeraha kubwa. Na kuna jambo jingine la kutafakari, kwamba baadhi yao wasingeishi kufikia siku ya kuanguka kama bonge lisingetolewa.

Hata hivyo lipo la kuangaliwa. Damu inaporudi kwa kishindo kwenye sehemu iliyodhoofika, mara nyingine huvuja ndani ya jeraha. Kuvuja huko huongeza hatari ya kifafa, kwa kuwa damu ikigusa gamba la ubongo hulichokoza. Kwa hiyo familia iulize: picha ya kichwa iliyopigwa baada ya tiba ilionyesha damu yoyote?

Nani yumo hatarini zaidi?

Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi na wenzao wa nchi nyingine za Ulaya walitoa kipimo kiitwacho SeLECT. Kinahesabu mambo matano: ukali wa kiharusi siku ya kwanza; iwapo chanzo ni mshipa mkubwa uliojaa mafuta na kukakamaa; iwapo mgonjwa alipata kifafa cha mapema; iwapo gamba la nje la ubongo liliguswa; na iwapo eneo lililoharibika ni lile linalolishwa na mshipa wa kati wa ubongo, ambao ndio unaotawala sana uso na mkono.

Alama huanzia 0 hadi 9. Mwenye 0, hatari yake ndani ya mwaka wa kwanza haifiki hata 1 kati ya 100. Mwenye 9, hatari ni kama 63 kati ya 100 kwa mwaka huo, na 83 ndani ya miaka mitano. Wengi huwa katikati. Muulize daktari mgonjwa wako yuko wapi. Si lazima akupe nambari, yatosha akwambie ni hatari ndogo, ya wastani au kubwa.

Si kila kifafa ni kuanguka

Tumezoea kifafa cha povu na kutikisika mwili mzima. Kifafa cha baada ya kiharusi mara nyingi huanzia upande mmoja, kwa kuwa kovu liko upande mmoja. Angalia haya:

- Mkono, mguu au shavu moja kucheza lenyewe kwa sekunde au dakika.
- Mtu kukodoa macho, anaitwa haitiki, kisha anarudi akiwa hajui lililopita.
- Usemi kukatika ghafla kisha kurudi.
- Ganzi au mchomo unaotembea upande mmoja, unakuja na kupita kwa namna ileile kila mara.
- Kwa aliye kitandani, kuchanganyikiwa au kusinzia kupita kiasi bila sababu, hali inayoweza kuwa kifafa kisichoonekana kwa macho. Hiki hutambuliwa kwa kipimo cha umeme wa ubongo, yaani EEG.

Kisha kuna jambo linalowatia watu kiwewe. Baada ya kifafa, upande uliotikisika unaweza kulegea kabisa kwa saa kadhaa, pengine hata siku moja au zaidi. Hali hii hubeba jina la tabibu Robert Bentley Todd, aliyeieleza mwaka 1849. Inafanana na kiharusi kipya, nasi nyumbani hatuna macho ya kuitofautisha. Kwa hivyo ulegevu wowote mpya uchukuliwe ni kiharusi mpaka hospitali iseme sivyo. Kimbia naye, usikae kungoja ujiondokee.

La kufanya mtu anapoanguka

1. Tazama saa. Dakika moja huonekana kama kumi ukiwa na hofu.
2. Mlaze ubavu, mate na damu vitoke nje visiingie kifuani.
3. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, mtie kitu laini chini ya kichwa. Legeza kola ya kanzu, kitambaa cha shingoni au buibui.
4. Usimshike kwa nguvu kumzuia asitikisike.
5. Usimtie chochote mdomoni: si kijiko, si kidole, si maji, si dawa, si kombe. Ulimi haumezeki. Hili nimelilipia kwa jino la mtu mwingine.
6. Baki naye mpaka azinduke, umwambie kwa upole yuko wapi.
7. Mmoja wenu amrekodi kwa simu. Daktari ataelewa mengi zaidi kwa video ya nusu dakika kuliko kwa hadithi zetu saba zilizopingana.

Mpeleke hospitali mara moja ikiwa ni mara ya kwanza, ikiwa kutikisika kumepita dakika 5, ikiwa kimekuja cha pili kabla hajazinduka, ikiwa ameumia au anapumua kwa shida, au ikiwa ameamka na udhaifu mpya. Kifafa kinachozidi dakika 5 ni dharura, na kinaweza kuua.

Dawa: kuanza, kuendelea, kuacha

Watu huuliza, kwa nini basi kila mwenye kiharusi asipewe dawa ya kifafa mapema ajikinge? Miongozo ya Ulaya na Marekani haishauri hivyo. Wengi hawatapata kifafa kamwe, na dawa hizi zina madhara yake: usingizi, kizunguzungu, kubadilika tabia. Aliyepata kifafa cha mapema anaweza kupewa kwa muda mfupi kisha ikaondolewa. Aliyepata cha baadaye kwa kawaida hupewa ya kuendelea.

Angalizo kubwa ni kugongana kwa dawa. Mgonjwa wa kiharusi huwa tayari anameza za shinikizo la damu, za kushusha mafuta, na pengine za kuzuia damu kuganda. Dawa za kifafa za zamani, kama fenitoini, kabamazepini na fenobabitoni, huweza kulifanya ini liziteketeze nyingine haraka, ile ya kuzuia bonge ikapungua nguvu. Za baadaye, kama levetirasetamu na lamotrijini, kwa kawaida hazina usumbufu mkubwa wa namna hiyo. Lakini si kila zahanati inazo, na bei yake si ya kila mfuko. Kwa hivyo nenda kliniki na mfuko wa dawa zote, hata za miti shamba, umwagie daktari mezani azione.

Na usikatishe dawa ghafla. Ami alikaa miezi minne bila kuanguka, akaniambia, "Mwanangu, mimi nimepona, hizi sumu za nini?" Akaziacha bila kutwambia. Siku ya kumi na moja alianguka kwenye ngazi ya nyumba. Safari hii tulimlaza ubavu na tukatazama saa: dakika mbili na kitu. Hakuvunjika kitu, na dawa alizirudia siku hiyohiyo kwa maelekezo ya daktari.

Maisha yetu ya Pwani

Usingizi mchache ni kichocheo kikubwa. Kukesha harusini, kukesha na muguka, kukesha na mpira, kwa mtu huyu vyote ni hatari. Homa na pombe nazo humo.

Ramadhani inahitaji mazungumzo kabla haijaingia. Kuna dawa zinazoweza kupangwa futari na daku, na kuna zisizowezekana. Daktari apange, na shekhe aulizwe. Dini imempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi katika Suratul Baqara, kulipa siku nyingine au kulisha maskini. Ami alikataa kusikia hilo kwangu. Alilisikia kwa imamu wa msikiti wake, na kuanzia hapo hapakuwa na mabishano.

Mvuvi asitoke baharini peke yake, na mkwezi asipande mnazi, mpaka daktari aridhie. Kuendesha gari au bodaboda vivyo hivyo. Mlango wa choo usifungwe kwa komeo. Jiko la mkaa na sufuria ya mafuta ya moto aachiwe mwingine.

Na kuhusu majini na mashetani: mwenye kutaka kumsomea mgonjwa wake dua na amsomee, mimi pia nilisoma. Ubaya uko pale dua inapotumiwa kuchelewesha dawa. Kilifi, ambako KEMRI na wenzao wamechunguza kifafa kwa miaka mingi, walikuta zaidi ya nusu ya wenye kifafa hawapati matibabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba 7 kati ya 10 wangeweza kuishi bila kuanguka wakigunduliwa na kutibiwa ipasavyo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoka hospitali

Yaandike haya, uwe nayo siku mgonjwa wako anaporuhusiwa:

- Kiharusi kiligusa gamba la ubongo? Kulikuwa na damu iliyovuja baada ya tiba?
- Alipata kifafa chochote wodini, hata kidogo?
- Hatari yake ya kifafa ni ndogo, ya wastani au kubwa?
- Kama anapewa dawa ya kifafa, ni ya muda gani na inagongana na zipi?
- Akianguka usiku, tupige simu wapi na tumpeleke wapi?
- Ripoti na picha zote tunapewa? Kwa anayerudi kutoka ng'ambo hili ni la lazima. Daktari wa hapa hawezi kukisia kilichofanywa huko.

Sisi hatukuuliza hata moja kati ya hayo. Tulikuwa na furaha ya kumpata mzee wetu akiwa hai, na furaha hiyo ilikuwa haki yetu, lakini maswali hayo yangechukua dakika kumi tu.

Ami sasa ana miezi tisa bila kuanguka. Kwenye ukuta wa sebule binamu yangu amebandika karatasi yenye zile hatua saba, kwa herufi kubwa, na namba za simu chini yake. Hata watoto wa nyumba wanazijua kwa moyo. Hatua ya tano, ya kutotia kitu mdomoni, ami mwenyewe aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Kila nikienda kumwamkia hunionyesha pengo lake, kisha hunionyesha ile karatasi.